Sura ya Tano: Diwani Tunaye, Mbona Maji Hayapandi Mlimani?

Mtu akisimama asubuhi juu ya mawe ya Bugarika au Igogo, ziwa analiona lote chini yake. Ziwa Victoria ni la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Jiji la Mwanza limelala ukingoni mwake. Hata hivyo, kwa miaka mingi kaya za milimani zimekuwa zikikesha kusubiri mgao, zikijaza kila ndoo na kila dumu lililopo maji yanapotoka, na kununua kwa wachuuzi yasipotoka. Kutokana na hali hiyo limezaliwa swali linalorudiwa kwenye foleni za maji, vijiweni na misibani: diwani tumemchagua, mwenyekiti wa mtaa tunaye, ziwa tunaliona, nani basi ameamua kwamba maji yasifike hapa?

Swali hilo ni la haki, na mara nyingi hujibiwa vibaya. Wapo wanaojibu kwamba viongozi wa mtaa ni wavivu. Wapo wanaojibu kwamba serikali haina fedha. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayaelezi kwa nini mtaa mmoja upate barabara ya lami kabla ya zahanati ilhali wakazi waliomba zahanati, au kwa nini mtambo mkubwa wa maji ukamilike na bomba la mlimani libaki kavu. Hoja ya sura hii ni kwamba huduma ya umma humfikia mtu pale uamuzi, fedha na lawama vinapokaa kwenye meza moja. Anayeamua awe na fedha ya kutekeleza alichoamua, na akikosea awe ndiye wananchi wanayemjua na kumfikia. Mwanza, kama kwingineko Tanzania Bara, vitu hivyo vitatu vimetawanywa. Uamuzi uko ofisi moja, fedha ziko nyingine, na lawama imeachwa kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye hana hata mshahara.

Nani anaamua nini

Tuanze na majina, kwa sababu kutojua nani ni nani ndiko kunakopoteza nusu ya malalamiko njiani. Halmashauri ni mamlaka ya serikali za mitaa ngazi ya wilaya au mji, yaani chombo chenye baraza la madiwani waliochaguliwa na wataalamu walioajiriwa. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, na halmashauri za wilaya za Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000, kisha mwaka 2012 Ilemela ikamegwa na kuwa manispaa, hivyo jiji likabaki na wilaya ya Nyamagana. Wakati wa sensa ya 2012 wilaya hizo mbili zilikuwa na watu kama 706,000 kwa pamoja. Sensa ya 2022 ilikuta wamezidi milioni moja na laki moja. Ongezeko la watu karibu laki nne ndani ya miaka kumi, wengi wao wakijenga juu ya mawe na kwenye mabonde yasiyopimwa, ndilo linaloisukuma kila huduma tutakayoitaja hapa.

Diwani huchaguliwa na kata, na kazi yake ni kuamua pamoja na wenzake kwenye baraza. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Ndiye anayesaini hundi na kuwasimamia wataalamu, na huteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa nao huteuliwa na Rais, nao si sehemu ya halmashauri, ingawa mwananchi wa kawaida huwaona kama wakubwa wa wote. Chini ya kata, mjini kuna mtaa na vijijini kuna kijiji, na hapa pana tofauti ambayo wengi hawaijui. Halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna hadhi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa ana muhuri, ana kamati, ana mkutano mkuu wa wakazi, lakini mtaa wenyewe hauna mfuko unaotambulika wala uwezo wa kuingia mkataba. Mkazi wa kijiji wilayani Misungwi, kwa maana hiyo, ana serikali iliyo karibu naye zaidi kuliko mkazi wa katikati ya jiji.

Sasa tuangalie huduma zenyewe ziko mikononi mwa nani:

- Maji ya mjini yako chini ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ambayo bodi yake inawajibika kwa Wizara ya Maji. Bei hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.
- Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019.
- Barabara za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS.
- Vivuko vya serikali huendeshwa na TEMESA, na umeme na TANESCO.
- Shule za serikali, zahanati, vituo vya afya, masoko, stendi na uzoaji taka ni vya halmashauri, lakini walimu na wauguzi hulipwa na Serikali Kuu.

Mambo matatu ambayo mkazi wa mlimani huyalalamikia zaidi, yaani maji, barabara na umeme, hayamo mikononi mwa diwani wake. Akiyapigia kelele barazani, anapiga kelele kama mwombaji mwingine yeyote mwenye suti.

Maji ya mtamboni na maji ya ndooni

Mfano wa maji una mengi ya kufundisha, kwa hiyo tukae nao kidogo. Kwa miaka mingi jiji lilitegemea chanzo cha Kapripointi, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku. Jiji lilipokua, uwezo huo ukawa mdogo, na mgao ukawa ndiyo kawaida. Serikali, kwa mikopo na misaada ya wafadhili wa Ulaya, ikajenga chanzo kipya Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku na gharama ya takribani shilingi bilioni 70, ambacho kilianza kutoa maji mwaka 2023. Hiyo ni kazi kubwa na haifai kubezwa. Lakini maji yaliyosafishwa Butimba hayapandi mlimani kwa nguvu zake. Yanahitaji pampu na umeme wa kuisukuma, tenki lililojengwa juu kuliko nyumba, na bomba jipya pale la zamani lisipohimili msukumo. Kila kimoja kati ya hivyo ni mradi wa peke yake, na kila mradi una bajeti na foleni yake.

Foleni hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mhandisi anaweza kueleza bomba la kipenyo gani linahitajika ili maji yafike juu. Akiulizwa tenki la kwanza lijengwe upande gani wa jiji, bado atakuwa na la kusema: gharama, urefu wa mlima, idadi ya wateja watakaolipa. Lakini swali hilo la pili si la uhandisi peke yake. Ndani yake kuna kina mama wanaoamka saa tisa usiku, kuna shule yenye vyoo visivyo na maji, kuna mtaa uliopata kipindupindu na mtaa ambao haukupata. Hayo mtu huyapima kwa kuwasikiliza wanaoishi nayo, na kisha anayeamua kusimama mbele yao na kusema kwa nini wa Buhongwa watangulie na wa Mabatini wasubiri. Katika mpangilio wa sasa hakuna kikao ambacho mkazi wa Mabatini anaweza kumpigia kura au kumnyima kura mtu aliyeupanga mlolongo huo.

Kuna ushahidi hapa hapa Mwanza kwamba utaalamu na uamuzi wa wakazi vinaweza kukaa pamoja. Milimani gari la kunyonya choo haliwezi kupanda. Njia ni za miguu, nyingine ni ngazi za mawe tu. Mamlaka ya maji ikajenga kwenye baadhi ya maeneo hayo mtandao rahisi wa majitaka, yaani mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba badala ya kufuata barabara ambazo hazipo. Bomba la aina hiyo hupita karibu na jiko la mtu na chini ya uwanja wa mwingine. Haliwezi kulazwa bila wenye nyumba kukubaliana lipite wapi, nani atatunza chemba yake, na nini kifanyike mmoja akiziba kwa taka. Wahandisi walilazimika kuwaomba wakazi waamue kwa sababu mlima haukuwapa njia nyingine. Kama hilo liliwezekana kwa majitaka, ambayo ni magumu zaidi na ambayo hakuna anayefurahia kuyajadili, litashindikanaje kwa maji safi?

Makoroboi, mara tatu

Huduma ambazo sheria imeiachia halmashauri nazo hazijasalimika, na mfano mzuri ni masoko na wafanyabiashara wadogo. Makoroboi ni eneo la katikati ya jiji ambako machinga wamepanga bidhaa kwa miaka mingi. Kusimamia biashara ya aina hiyo, kutenga maeneo, kutoza ushuru na kuzoa taka ni kazi ya halmashauri bila ubishi. Mwaka 2016 jiji liliwaondoa machinga katikati ya mji. Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akaagiza kuondolewa kwao kusimamishwe mpaka waandaliwe maeneo yanayofaa, na machinga wakarudi. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Fedha hiyo ilikwenda Serikali Kuu, na mwenye kitambulisho hakutakiwa kutozwa ushuru mwingine. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, likaja agizo la nchi nzima la kuwapanga upya machinga, na vibanda vya Makoroboi vikaondolewa tena.

Kila uamuzi kati ya hayo una utetezi wake. Agizo la 2016 lilikuwa na huruma, kwa sababu kumwondoa mtu sehemu anayopatia riziki kabla ya kumwonyesha pengine ni ukatili. Agizo la 2021 nalo lilijibu kero ya kweli ya barabara zilizozibwa na maduka yaliyofunikwa. Lakini tuangalie lango yalilopitia. Kila mara jambo lilipokuwa kubwa, uamuzi wa nani akae wapi kwenye mtaa wa Mwanza ulitoka nje ya Mwanza. Baraza la madiwani likabaki na sehemu ya kazi isiyotamaniwa na mtu, yaani kuzoa taka za watu ambao halikuruhusiwa kuwatoza, na baadaye kugawa vizimba visivyotosha. Machinga mwenyewe akajifunza somo baya: ukitaka jambo lako lisikike, usiende kwa diwani, subiri msafara wa mkubwa upite. Somo hilo likishakaa vichwani mwa watu, mkutano wa mtaa hubaki na viti vitupu.

Kwa ufupi: kuna huduma ambazo halmashauri haina mamlaka nazo, na kuna nyingine ambazo mamlaka inayo lakini hunyang'anywa wakati wowote jambo likiwa kubwa.

Fedha zilivyohama

Haikuwa hivi daima, na watu wa Kanda ya Ziwa hawajawahi kulichukulia baraza lao kama jambo dogo. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa Geita kukubali halmashauri ya mchanganyiko wa rangi ambayo hawakuitaka, maelfu waliandamana hadi Mwanza na kupiga kambi wakidai kusikilizwa, mpaka polisi wakawatawanya. Wakulima na wafugaji wale walijua vizuri kwamba anayeketi barazani ndiye anayeamua kodi yako na josho la ng'ombe wako.

Baada ya uhuru serikali za mitaa ziliendelea kwa muongo mmoja, kisha mwaka 1972 zikafutwa. Mpango uliozibadili uliitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanashuka, lakini walioshuka walikuwa maofisa wa Serikali Kuu, na madiwani wakaondoka. Matokeo yalionekana haraka mijini: taka hazikuzolewa, mifereji iliziba, na kipindupindu kikazuka miaka ya 1970 ikielekea ukingoni. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe kwa sheria ya muda, mwaka 1982 zikatungwa sheria kamili, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikarejea rasmi. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Kiongozi aliyezifuta ndiye aliyekiri kosa, na hakuna ushahidi ulio mzito kuliko huo.

Katiba ikarekebishwa. Ibara ya 146 inasema wazi kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ikatoka sera ya ugatuaji, yaani kuhamisha madaraka, fedha na watumishi kutoka Serikali Kuu kwenda halmashauri. Lakini wakati sera ikisema hivyo, fedha zilianza safari ya kinyume. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa pamoja na tozo kadhaa za kero. Kufutwa kwake kulikuwa haki, kwa kuwa ilikusanywa kwa kukimbizana na maskini vichakani, ila kilichowekwa mahali pake kilikuwa ruzuku, na ruzuku huja na masharti. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Tangu mwaka 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500.

Kodi ya majengo inastahili aya yake. Dunia nzima, hii ndiyo kodi inayofaa mji kuliko nyingine, kwa sababu nyumba haikimbii, na thamani yake hupanda pale mji unapojenga barabara na mfereji mbele yake. Mwenye nyumba hulipa, huona lami, na akiona shimo anajua nani wa kumuuliza. Ilipokatwa kimya kimya ndani ya tokeni ya umeme, ukusanyaji ulirahisika sana; hilo ni kweli, na halmashauri nyingi zilikuwa zikikusanya vibaya. Lakini uhusiano kati ya nyumba na mtaa wake ulikatika. Mpangaji wa Kirumba anayenunua umeme wa shilingi elfu tano na kukuta uniti chache hajui amelipia nini, na diwani wake hajui zimekwenda wapi.

Kivuko cha Ukara

Mahali pengine kutenganishwa kwa uamuzi, fedha na lawama si kero bali ni msiba. Ukerewe ni wilaya ya visiwa. Kivuko huko ni barabara, ni gari la wagonjwa, ni njia ya kwenda gulioni. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kilichokuwa kikivuka kati ya Bugolora na kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kufika. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 200. Malalamiko kuhusu hali ya kivuko yalikuwa yamefika hadi bungeni Dodoma. Halmashauri ya Ukerewe haikukimiliki wala kukikagua, na haikuwa na fungu la kununua kingine. Walioiona hatari kila siku hawakuwa na kikao chenye uwezo wa kusema kivuko hiki kisivuke Alhamisi ya gulio mpaka chombo cha pili kije.

Hoja za wanaopinga

Anayesoma kwa makini atakuwa na pingamizi, na yako mazito. La kwanza ni wizi. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hutaja halmashauri ambazo makusanyo ya mashine za kielektroniki hayakufika benki, na vikundi vilivyokopeshwa kisha visionekane. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya ubadhirifu, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Je, hao ndio wa kuongezewa fedha? Jibu ni kwamba ripoti hiyohiyo ya CAG hutaja pia wizara na mashirika ya umma, na hakuna anayependekeza wizara zifutwe. Umbali hauzuii wizi. Hupunguza tu idadi ya watu wanaouona. Zahanati isiyo na paa iliyolipiwa paa huonekana kwa kila anayepita. Kinachokosekana ni mkazi kujua paa lililipiwa shilingi ngapi na nani alisaini, na hilo hutatuliwa kwa karatasi kwenye ubao wa matangazo wa kata.

Pingamizi la pili ni usawa, nalo ndilo linalopaswa kutusumbua zaidi. Jiji la Mwanza lina viwanda, hoteli na stendi ya Nyegezi. Ilemela ina soko la dagaa la Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi hutoka hadi Kongo na Burundi. Ukerewe na Kwimba hazina kitu cha kulingana na hivyo. Kila halmashauri ikila ilichokusanya, mtoto wa Kwimba atasoma chini ya mti na wa Nyamagana atasoma ghorofani. Ndiyo maana ugatuaji wa kweli hauwezi kuwa kila mtu na chake. Unahitaji ruzuku inayogawanywa kwa vigezo vinavyojulikana mapema: idadi ya watu, umaskini, umbali, maji ya kuvuka. Tanzania ilianza kutumia fomula kama hiyo katikati ya miaka ya 2000 kwa elimu, afya na huduma nyingine, kwa hiyo ujuzi upo. Tofauti kubwa ni kati ya fungu unalolijua kabla ya mwaka kuanza na fungu linalotangazwa jukwaani.

Pingamizi la tatu ni utaalamu. Ziwa ni moja, na ingekuwa upotevu Nyamagana na Ilemela kila moja ijenge mtambo wake wa maji. Nakubali kabisa, MWAUWASA ibaki moja. Lakini chombo kimoja cha kitaalamu kinaweza kuwajibika kwa mabaraza mawili. Mpango wa kupanua mtandao ungeweza kupelekwa kila mwaka mbele ya madiwani wa pande zote mbili, ukiwa na orodha ya mitaa na sababu, na usitekelezwe mpaka wameujadili na kuupigia kura.

Pingamizi la nne husemwa kwa sauti ya chini ofisini: wananchi wenyewe hawaji mikutanoni. Ni kweli mara nyingi hawaji. Lakini watu haohao huja Jumamosi kusogeza mawe na mchanga wa darasa. Karibu kila kata ya mkoa huu ina boma, yaani jengo la shule au zahanati lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa lenta, kisha likasubiri halmashauri iweke paa. Watu wa boma walikutana, walibishana, walichanga na kujenga. Walikuja kwa sababu kikao kile kilikuwa na jambo la kuamua. Na kila msimu wa mvua unaoharibu boma lisiloezekwa hupunguza imani yao katika kikao kinachofuata.

Ng'ambo ya ziwa

Kisumu, mji wa Kenya, inatazamana na ziwa hilohilo, ina milima yake na gugu maji lake, lakini tangu 2013 inaongozwa kwa utaratibu mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake la kuchaguliwa, na ikaamuru kaunti zipate kwa pamoja walau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Maji na afya ni kazi za kaunti, na kampuni ya maji ya Kisumu iko chini ya kaunti. Maisha hayajawa mepesi kwa hilo. Fedha kutoka Nairobi huchelewa, wakandarasi hudai madeni ya miaka, na magavana kadhaa wameshtakiwa kwa ufisadi. Lakini mkazi wa Nyalenda, huko Kisumu, asiye na maji anajua jina la mtu wa kumnyima kura. Simpendekezei Mtanzania aige kaunti. Nchi hizi zina historia tofauti, na baadhi ya kaunti zimeongeza ofisi kuliko huduma. Nachukua jambo moja tu kutoka kule, kwamba fungu la chini limeandikwa kwenye Katiba na halitegemei hisia za waziri wa mwaka huo.

Kalenda ambayo mtaa hauambiwi

Wakati sheria zikisubiri kubadilishwa, kuna uamuzi ambao hata sasa uko wazi, ila mlango wake hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni, na hapo ndipo redio zinapoanza kuizungumzia, lakini kwa mtaa muda umeshapita. Miongozo ya bajeti kwa kawaida hutoka karibu na Novemba, pamoja na ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho halmashauri inaruhusiwa kupanga. Vipaumbele vya mitaa hupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, na baraza hupitisha rasimu mwanzoni mwa mwaka kabla haijapelekwa mkoani na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Mtaa unaotaka kuingia kwenye orodha unapaswa kuwa umeketi, umeamua jambo moja na kuliandika kwenye muhtasari wa mkutano kabla ya Desemba. Orodha ya mambo kumi na tano hukatwa na mtu mwingine. Jambo moja lililoandikwa, lenye eneo lililotengwa na mchango uliokwisha kutolewa, humpa diwani kitu cha kushika mkononi.

Na sehemu ya fedha ingeweza kurudi bila kubadilisha Katiba. Tuseme nusu ya kodi ya majengo ingerudishwa kwenye mtaa ilikotoka. Mita za LUKU tayari zinajulikana ziko wapi, kwa hiyo hesabu si ngumu. Mtaa wenye nyumba za kawaida 500, kila moja ikilipa shilingi 18,000 kwa mwaka, huchangia shilingi milioni 9. Nusu yake ni milioni nne na nusu. Fedha hiyo haijengi zahanati wala haipandishi maji Bugarika. Lakini inatosha watu kubishania ngazi za zege kwenye njia inayoteleza mvua ikinyesha, mfereji unaobeba maji mpaka Mto Mirongo, au taa pale mabinti wanapopita alfajiri na ndoo, na mwenyekiti angeufungua mkutano huo akiwa na hesabu ya kusoma.